Maneno ya Mama Sauti

Kila mwaka Mwalimu alimpunguzia mkewe maneno, na kila mwaka watu wakazidi kumpigia mkewe makofi. Ukitaka kuona jinsi mtu mwenye akili zake timamu anavyoweza kujichimbia shimo huku akishangiliwa, mtazame huyo.

Kazi yake ilikuwa kuandika michezo ya kuigiza na kuiongoza mwenyewe, na mchana alifundisha uigizaji kwa vijana waliomjia na ndoto kubwa na viatu vilivyochoka. Jumba lake lilikuwa ghala la zamani nyuma ya karakana ya matairi. Ndani mlikuwa na viti vya kukunja, pazia la rangi ya maini, na ubao mmoja wa jukwaa uliolia ukikanyagwa, ambao kila mwigizaji alijua kuuruka. Mafundi wa karakana wakigonga vyuma wakati wa onyesho, waigizaji wote walipandisha sauti, isipokuwa mke wake. Yeye hakuwa na haja hiyo. Sauti yake ilifika mpaka kiti cha mwisho ikamwamsha aliyesinzia, ndiyo maana vijana walimwita Mama Sauti.

Somo la kwanza la Mwalimu lilikuwa moja tangu alipoanza kufundisha. "Mwenzako akitoka njiani, usimvute. Mfuate." Alikuwa na maana kwamba mwigizaji mwenzako akisahau, au akisema jambo lisiloandikwa, usimkosoe mbele za watu wala usimkodolee macho kama umeona jini. Pokea alichokupa, uende naye hukohuko mpaka mrudi wote wawili. Vijana walilikariri somo hilo kama sala.

Yeye mwenyewe lakini hakuwahi kulitumia, kwa sababu hakuwa anapanda jukwaani. Ujanani alipanda mara moja, sentensi zikamkauka mdomoni, akashuka mbio kupitia mlango wa watazamaji na kofia ya polisi wa kuigiza kichwani. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu hapo alijichagulia nafasi yake ya maisha, pembeni, kwenye giza la nyuma ya pazia. Kutoka hapo alikuwa simba.

Hofu ilimrudia miaka michache iliyopita, katika mchezo ambao Mama Sauti alikuwa malkia. Alikuwa katikati ya hotuba ndefu, akanyamaza. Watazamaji walidhani anavuta pumzi. Mwalimu alimwona akigeuka kumtafuta kule pembeni, na macho yale hakuwa ameyaona kwa mkewe hata siku moja. Yalikuwa macho ya mtu aliyeamka kwenye chumba kisicho chake. Mwalimu akanong'ona neno lililofuata, mkewe akalidaka, malkia akaendelea kuwaka.

"Nimechoka tu," mkewe alisema walipofika nyumbani.

"Ni kweli, umechoka," Mwalimu akajibu upesi, kama mtu anayefunga mlango kabla mvua haijaingia.

Mchezo uliofuata alimwandika kuwa nyanya mwenye maneno machache. Uliofuata huo, mjane wa kauli mbili tatu. "Ukimya wako una nguvu kuliko maneno ya hawa wote," alimwambia, na kwa bahati mbaya magazeti nayo yakaandika hivyohivyo. Kila alipomkabidhi karatasi zake, mkewe alizipekua, akamtazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu alishukuru kwamba haulizi. Mwoga akishukuru, ujue kuna jambo.

Mwaka huu alikuwa amefika mwisho wa kamba. Mchezo mpya ulihusu watoto wanaogawana nyumba ya mama yao mbele ya macho yake. Mama Sauti ndiye mama. Alitakiwa kukaa kwenye kiti tangu pazia linapofunguliwa, asiseme hata neno moja, na mwishoni ainuke, azime taa ya mezani. Basi. Mwalimu aliuita mchezo bora kuliko yote aliyoandika. Moyoni alijua ameandika kiti na kumketisha mke wake juu yake ili asianguke.

Siku ya onyesho la kwanza jumba lilijaa hadi ukutani. Walimu wenzake walikuja, watu wa magazeti walikuja, na wanafunzi wake wa zamani waliokwisha kuwa watu wazima na vitambi vyao. Kabla ya pazia kufunguliwa, shemeji yake, mdogo wake Mama Sauti, aliyekuwa akishona mavazi ya kundi zima, alimvuta mkono bila salamu.

"Shemeji, njoo uone."

Mama Sauti alikuwa ameketi mbele ya kioo. Alikuwa amejipaka upande mmoja tu wa uso. Nusu moja ilikuwa ya ajuza, mikunjo yote mahali pake, imechorwa kwa ustadi wa miaka. Nusu ya pili ilikuwa ya mke wake. Brashi alikuwa ameshaiweka chini, mikono ameilaza mapajani.

"Tayari," alisema, akatabasamu kwa nusu zote mbili.

 Mwalimu alitaka kusema neno la kumtuliza mtu, ila aliyehitaji kutulizwa alikuwa yeye. Shemeji akavuta kiti, akachukua brashi. "Hebu nikumalizie dada, hapa pembeni kumebaki kidogo," akasema kwa sauti laini kabisa. Alipomaliza alimfuata Mwalimu kwenye ujia, na ule ulaini ukabaki chumbani.

"Na bado unampandisha?"

"Hana hata neno moja. Anakaa tu."

"Kukaa nako ni kazi. Mwaka jana nilikwambia tumpeleke kwa daktari, ukasema uchovu. Mficha maradhi kifo humuumbua, shemeji."

"Baada ya onyesho tutakwenda."

"Baada ya onyesho, baada ya onyesho! Wewe hata kuzikwa utazikwa baada ya onyesho."

Angekuwa mtu mwingine angekasirika. Mwalimu alikuwa na hofu mno hata hasira haikupata pa kukaa. Alimwona akilini mkewe akiinuka katikati ya mchezo na kuuliza yuko wapi, na watu wote wale wakimtazama, na kesho yake mji mzima ukisema, masikini Mama Sauti. Hilo neno masikini ndilo lililomkosesha usingizi miaka yote hii. Alikuwa tayari kumnyamazisha maisha asiitwe hivyo.

Pazia likafunguliwa.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Watoto wa mchezoni waligombana, wakapimana kwa macho, wakahesabu vyumba. Mama Sauti aliketi. Mwalimu, pembeni kwenye giza lake, hakuwatazama wengine kabisa. Alitazama vidole vya mkewe juu ya mkono wa kiti, na kila vilipotikisika yeye alikosa pumzi. Shemeji alisimama nyuma yake na sindano yenye uzi imechomekwa kifuani.

Ikafika zamu ya binti mdogo wa mchezoni. Aliigizwa na msichana mmoja mwembamba, mwanafunzi wa Mwalimu, ambaye wenzake walimwita Pilipili kwa sababu ya ukali wake mazoezini. Alipiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, hata wewe huna la kusema?"

Hapo maandishi yalitaka kimya, kisha kaka mkubwa acheke. Kimya kikapita. Kaka akafungua mdomo. Na Mama Sauti akainuka.

Mwalimu alishika pazia. Bado, bado, taa ni mwishoni, keti mke wangu, keti, alisema bila sauti. Mkewe hakuketi. Aliruka ule ubao unaolia bila kuutazama, akasimama mbele kabisa, na sauti ile ambayo watu hawakuisikia kwa muda mrefu ikatoka yote.

"Mlango huu bawaba zake nimezipaka mafuta kwa mkono huu, ili ajaye nimsikie mimi kabla majirani hawajamsikia. Mnaniambia hatarudi. Nyinyi mnajua nini habari za kurudi? Hamjawahi kungojwa."

Hata karakana ilinyamaza, au Mwalimu aliacha kuisikia. Maneno hayo aliyajua. Yalikuwa yake, ya mchezo wa kwanza kabisa aliouandika, siku ambazo kundi zima lilienea kwenye benchi moja na mwigizaji wa kike alikuwa binti mmoja mwenye sauti kubwa ambaye alikuja kuwa mke wake. Mwanamke yule wa mchezo wa zamani alikuwa akimngoja mumewe. Mkewe aliyasema yote, moja baada ya jingine, bila kukosea hata pumzi. Lakini huu haukuwa mchezo ule. Kwenye jukwaa hili hapakuwa na mlango wala mume, na wale vijana walisimama kama nguo zilizoanikwa.

Ameondoka, Mwalimu aliwaza. Amerudi kule, na hajui kama sisi tuko huku. 

Mama Sauti akageuka pembeni, akatazama moja kwa moja kwenye giza aliposimama Mwalimu.

"Nani wewe, unayebisha kama mwenye nyumba?"

Katika mchezo wa zamani mume hujibu kutoka nje. Sasa hakuna aliyelijua jibu isipokuwa aliyeliandika. Fundi wa taa alimtazama Mwalimu, mkono tayari kwenye swichi, akisubiri amri ya kuzima kila kitu. Ingekuwa rahisi. Giza, pazia, na mtu mmoja wa kutoka kuomba radhi.

"Jibu, shemeji!" mdogo wa mkewe alimnong'oneza. "Anakuuliza wewe!"

"Siwezi."

"Basi mwache peke yake, mbele ya watu wote hawa."

Hakuna aliyemsukuma. Baadaye shemeji alidai kwamba ni yeye, lakini hapana, alitoka kwa miguu yake. Mwanga ukampiga usoni. Akakanyaga ule ubao, yeye aliyewafokea wote kwa ajili yake, ukalia jumba zima. Mbele yake hakuona watu, aliona weusi unaopumua, uleule wa ujanani.  Aliitafuta sentensi yake, sentensi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe na kuisikia ikisemwa mara zisizohesabika, akakuta patupu. Mlango wa watazamaji ulikuwa kulekule. Alijua njia.

Akamtazama mkewe. Uso ule wa ajuza ulikuwa mtulivu. Midomo yake haikusogea zaidi ya ya mtu anayepuliza chai, na kwa sauti ya kumfikia yeye tu, akamwambia, "Ni mimi. Uliyeniambia..."

"Ni mimi," Mwalimu akasema. Sauti ilimtoka mbaya, yenye kutetemeka. "Uliyeniambia nisichelewe."

"Umechelewa," Mama Sauti akasema kwa sauti ya jumba lote. "Ingia."

Ndipo Pilipili akakumbuka somo. Bado yuko magotini, akawageukia ndugu zake wa mchezoni, akapaza sauti, "Baba! Kumbe mama alikuwa anamngoja baba muda wote!" Kaka mkubwa naye akazinduka, akaitupa chini karatasi ya kugawana vyumba, akaenda kumletea mzee kiti. Mwalimu alikaa, kwa sababu miguu haikumpa njia nyingine. Mama Sauti akaiendea taa ya mezani, kama ilivyoandikwa, akaizima.

Makofi yaliyopigwa siku ile yalidondosha vumbi kutoka kwenye paa. Mwalimu hakuyasikia vizuri. Alikuwa amemshika mkewe mkono gizani, na hakujua kama mkono alioushika unamjua.

Chumbani aliwaomba wengine watoke. Mama Sauti alikaa mbele ya kioo akijifuta mikunjo kwa pamba yenye mafuta. Mwalimu alisimama nyuma yake. Alitaka kuuliza na aliogopa jibu, basi akawa anakunja na kukunjua kitambaa cha mtu.

"Uliza," mkewe akasema. "Kitambaa hicho hakina kosa."

"Ulijua uko wapi?"

"Nilijua. Unadhani sioni unavyonilia maneno? Kila mwaka unaninyonyoa kama kuku. Mazoezi yote haya nilikaa kwenye kile kiti nikijiuliza, mwaka ujao ataniandika kuwa nini, kiti chenyewe?"

Mwalimu alitaka kucheka, kikamtoka kitu kingine, akajifuta kwa kile kitambaa.

"Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unajilinda. Hukuniuliza hata siku moja. Ungeniuliza ningekwambia kwamba yanayoniponyoka ni yale mapya. Unanipa asubuhi, jioni hayapo, kama maji kwenye chekeche. Ya zamani yamo. Huwa nayajaribu jikoni wewe ukiwa darasani, moja moja, niyaone kama bado yamo." Akaitazama pamba. "Leo Pilipili aliponiuliza kama sina la kusema, nikajibu. Ninalo. Nikainuka nikiwa naogopa mpaka masikio yanavuma."

"Mbona hukuonekana unaogopa?"

"Wewe ndiye uliyeonekana. Ulikuwa unatetemeka kama kifaranga aliyelowa, ndiyo nikakunong'oneza."

Mwalimu akavuta kigoda, akakaa karibu naye, magoti yakigusana. Akasema neno ambalo hakuwahi kulisema katika nyumba yao. "Naogopa, mke wangu."

"Na mimi naogopa. Leo nilijipaka nusu uso, mdogo wangu akadhani sikutambua alipokuwa ananimalizia. Nilitambua alipoanza. Kabla ya hapo, hapana." Akamshika kidole kimoja, kama mtu anayemshika mtoto barabarani. "Twende kwa daktari, tumwambie yote. Halafu niandikie maneno, Mwalimu. Mengi. Nikiyaacha njiani utaninong'oneza, lakini si kutoka kule gizani kwako. Uwe hapa, karibu, nikigeuka nikuone."

Walikwenda. Daktari alikuwa mtu mpole asiyezungusha maneno. Alisema ugonjwa unaitwaje, alisema hauponi, alisema kuna dawa za kuupunguza mwendo kidogo. Shemeji alilia kwenye korido, kisha akawagombeza wote wawili kwa kutolia. Vijana waliambiwa ukweli darasani, na Pilipili, pamoja na ukali wake wote, alitoka nje akajifanya anatafuta kiatu.

Mwalimu akaandika. Hakuwahi kuandika kwa woga namna ile, kila sentensi akijiuliza kama mkewe atakuwapo kuisema. Aliandika mchezo wa wazee wawili wanaokaa mezani wakisimuliana ujana wao, na kwa mke aliazima maneno mengi ya michezo ya zamani, yale yaliyokuwa bado yamo. Kazi ya mume ilikuwa kukaa karibu na kusikiliza. Hiyo nafasi ya mume alijipa mwenyewe. Vijana walipoona jina lake kwenye orodha ya waigizaji walipiga vigelegele, na fundi wa taa akauliza kama afunge mlango wa watazamaji kwa kufuli.

Mazoezi ya kwanza yalifanyika mchana, madirisha wazi, karakana ikigonga vyuma vyake. Shemeji alikaa kiti cha mbele akishona. Mama Sauti alianza, na sauti ikafika ukutani ikarudi. Alisema kurasa nzima. Alimfanya Pilipili acheke mahali pa kucheka. Mwalimu naye, kando yake, alianza kuzoea mwanga, hata bega moja likashuka kutoka sikioni.

Kisha mkewe akanyamaza. Akageuka, akamtazama.

"Wewe ni nani?" akauliza.

Mwalimu alitazama skripti iliyokuwa mbele yake. Akageuza ukurasa, akaurudisha. Sentensi hiyo haikuwamo. Na sauti aliyoulizia nayo haikuwa ya jukwaani. Ilikuwa ndogo, ya adabu, sauti ya mtu anayemuuliza mgeni aliyekaa karibu naye kituoni. Kwenye kiti cha mbele sindano ya shemeji ilisimama. Pilipili alijiziba mdomo.

Hofu aliyoikimbia miaka yote ilikuwa imefika, imeketi nao mezani. Angeweza kulia, angeweza kumtikisa mabega na kumwambia mimi, mimi mume wako, hunioni? Akaweka skripti chini. Mwenzako akitoka njiani, usimvute.

"Ni mimi," akasema. "Uliyeniambia nisichelewe."

Mkewe alimtazama kwa muda mrefu. Nje, karakana iligonga chuma, ikaacha, ikagonga tena.

"Umechelewa," akasema, kwa sauti ileile ndogo. Kisha akasogeza mkoba wake uliokuwa kati yao, akampisha nafasi. "Ingia."

Mwalimu hakujua ameingia wapi. Alivuta kiti chake karibu, akakaa.